Hesabu za Mwaka, Ghala la Asali, Sikonge

Mimi ni Kalunde, natunza vitabu vya ushirika.
Kalamu nyekundu kwa deni, ya bluu kwa kilicholipwa.
Kila Juni nafunga hesabu,
mwaka huu zimekataa kufungwa.

Ndoo kumi na nne, Mihayo Kasele wa Ipole.
Nikaandika: mzalishaji.
Mihayo akacheka hadi akakohoa moshi wa miaka yote.
"Mimi mchukuzi tu, mama. Andika nyuki."

Nikaandika nyuki.
Lakini nyuki hana kitambulisho, ana anwani tu:
mtundu, ule unaovaa majani mekundu
kabla mvua haijatuma hata salamu,
ukafuatisha maua madogo, ya kijani, yasiyo na majivuno,
na msitu mzima ukanuka kama chungu kinachotokota.
Nikaandika mtundu.
Mtundu nao unadaiwa,
maana ua lisilotembelewa huanguka na siri yake,
halizai kunde wala mche.
Hapo tayari nina mistari miwili inayodaiana,
na chuoni hatukufundishwa kuiandika hiyo.

Kisha mlembe.
Ndege wa rangi ya vumbi, akinyamaza humwoni.
Akimwona mtu na shoka huanza kuita,
kama sarafu zinazotikiswa ndani ya kopo:
njoo, njoo, tawi hadi tawi, njoo.
Mihayo humjibu kwa mluzi, humfuata na moshi wake.
Asali ya mtu, nta ya ndege.
Hakuna mkataba, hakuna muhuri, hakuna shahidi,
na sijasikia kesi yao ikifika baraza la kata.
Wala si malaika:
hutaga kwenye kiota cha jirani,
na kifaranga chake huua watoto wa mwenye nyumba.
Hilo nalo nimeliandika. Kwa nyekundu.

Na tembo, je?
Kokwa ya mbula ni ngumu kama moyo wa mkopeshaji.
Tembo huimeza, hutembea nayo usiku kucha,
huiacha kando ya mto Ugalla, imevikwa mbolea.
Mche ule nani aliupanda?
Niandike mshahara wa nani?

Nilikuwa nimefika hapo, nataka kupiga mstari,
Mihayo akaniambia habari ya Oktoba.

Mlembe alimwita mapema. Akamfuata,
akavuka korongo, akavuka majivu,
akavuka mahali ambapo zamani jua halikugusa chini.
Ndege akatua juu ya kisiki.
Akaita mara moja. Akanyamaza.
Pale ndipo ulikuwapo mtundu wenye pango la nyuki.
"Hakunidanganya," alisema Mihayo. "Alikuwa anakumbuka."
Akatafuta mfukoni, akapata kipande cha nta cha mwaka juzi,
akakiweka juu ya kisiki.
"Nimelipa," aliniambia,
"ila sijui nimelipia nini."

Kuni za mtundu ule zilikwenda kwenye mabani ya tumbaku.
Mabani ni matatu.
Moja ni la Nsimba, kaka yangu, tumbo moja.
Ada ya mwanangu wa kidato cha pili
ilikaushwa humo, jani kwa jani.
Na mizinga ya magome iliyopangwa nje ya ghala hili,
kila mmoja ulivuliwa kwenye mti uliosimama
hadi ukafa umesimama.
Niandike wapi hayo? Kwa kalamu ipi?

Jumatatu mkaguzi anakuja kutoka Tabora mjini.
Ataweka miwani, atapitisha kidole,
atauliza safu ya mwisho ni ya nini,
mbona haina jumla.

Sijui nitamjibu nini.
Nimeacha mistari mitatu mitupu,
na pale pembeni nimebandika punje ya nta
ili ukurasa usifungwe na upepo.
Leo asubuhi nimekuta sisimizi wameifikia,
wamejipanga kuanzia dirishani,
kila mmoja anachukua chake
na kurudi bila kutia sahihi.